Viti Viwili vya Mkufunzi

Mkufunzi alipiga mswaki kwa mkono wa kushoto, na hakuwa mtu wa kushoto. Alikuwa wa kulia kama wengi wetu, mwenye mwandiko mzuri wa ubaoni, lakini tangu astaafu aliamini kwamba mkono wa kulia umeudekeza ubongo mpaka umelala. Basi kila asubuhi alisimama kwenye bomba la nje, mguu mmoja juu, akisugua meno kwa mkono usiojua kazi, povu la dawa likimtiririka kidevuni hadi kwenye sweta. Saa hizo mimi nilikuwa nafungua duka langu la pembejeo na dawa za mifugo, kwenye fremu ya nyumba yake hapa Elerai, Arusha, na adabu ilinilazimu nimsalimie hivyo hivyo alivyo.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, Binti. Umeamka na kichwa kipi leo, cha haraka au cha subira?"

Sikuwahi kulijua jibu. Nikisema cha haraka, ananisikitikia. Nikisema cha subira, ananiuliza nina uhakika gani, na kabla sijapanga mifuko ya pumba barazani nimeshaingia darasani.

Alikuwa amefundisha miaka mingi kwenye chuo cha misitu kule Olmotonyi, na jina la kazi lilimganda. Mkewe alimwita Mkufunzi. Mchungaji alimwita Mkufunzi. Alipokaribia kustaafu walipelekwa semina ya kuwaandaa wastaafu, wengine wakarudi wakizungumzia kuku wa mayai, yeye akarudi na ubongo. Alikuwa amekaa siku nzima mbele ya kijana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyewaeleza kwamba ubongo hufundishika hata uzeeni, na kwamba mtu aliyeufundisha ubongo wake haamui ovyo. Kuku pia alifuga baadaye, lakini bila moyo.

Watu walimletea maamuzi yao kama wanavyompelekea fundi simu zilizokufa. Amuoe huyu au amwache, auze shamba au alikodishe, amhamishe mtoto shule au amwache hapo hapo. Yeye mwenyewe alikuwa na uamuzi mmoja tu uliomshinda, na mtaa mzima tuliujua: amsamehe mdogo wake au asimsamehe. Alikuwa anaupima tangu mwaka aliozikwa mama yao. Na mdogo wake, ambaye madaktari walikuwa wamemwambia moyo wake umetanuka, hakuwa mtu wa kupimwa milele.

Nitafika huko. Kwanza viti.

Barazani kwake kulikuwa na viti viwili vya mbao, vinavyotazamana, na kati yake kigoda cha chai. Kimoja kiliitwa Ndiyo, kingine Hapana. Ukija na shauri lako anakukalisha kwanza kwenye Ndiyo, unalitetea kwa nguvu zako zote, yeye kimya. Kisha anakuhamishia Hapana, unaanza kujipinga mwenyewe. Ukibabaika anakukumbusha: "Usinitazame mimi. Mtazame yule uliyekuwa pale." Akiwa na shauri lake mwenyewe alihama peke yake kutoka kiti hiki kwenda kile, akibishana kwa sauti, mikono hewani. Mkewe alikuwa anakuja na kikombe cha chai, anasimama katikati, anauliza, "Nimpe nani?"

Mimi sitavicheka viti vile moja kwa moja, maana viliniokoa. Ule mwaka wa kware mnaukumbuka. Mji mzima ulikuwa unaimba mayai ya kware, yanatibu presha, yanatibu sukari, yanarudisha ujana. Nilikuwa nimeshaongea na fundi wa mabanda. Mkufunzi akanikalisha kwenye Ndiyo, nikahubiri mpaka nikajishawishi upya. Akanihamishia Hapana, nikarudia yale yale. Akauliza swali moja tu.

"Binti, unamfahamu mtu mmoja anayeyala? Sisemi anayeyauza. Anayeyala."

Nikaenda kuuliza. Nikauliza sokoni, nikauliza kanisani, nikauliza kijijini kwetu Kikwe. Wote walikuwa wanauza, au wanajiandaa kuuza, au wana shemeji anayeuza. Sikununua hata kware mmoja. Baada ya muda jirani yangu mmoja alikuwa anawachoma wake kama mishikaki, anakula na wanawe huku analia. Tangu hapo, mtu akimsema Mkufunzi dukani kwangu nilikuwa namwambia atoke nje amseme huko.

Alikuwa na misemo yake. "Ubongo ni msitu, usipoupunguza miti unasongamana." "Mtu mwenye sababu moja hana sababu, ana kisingizio." Na ile kanuni kuu aliyoirudia mpaka watoto wa jirani waliiimba wakiruka kamba: usiamue ukiwa na njaa, usiamue ukiwa na hasira, usiamue ukiwa umesimama. Kanuni hiyo ilimfanya mkewe awe mshauri mkubwa kuliko yeye, ingawa hakuna aliyempa sifa. Dereva mmoja wa lori alikuja pale anatetemeka, anataka kwenda kumvunja shemeji yake taya. Mkufunzi akasema, "Kwanza kaa. Mama, ana njaa huyu." Mama akaleta bakuli la mtori, ndizi zimepondwa vizuri, nyama imo. Yule bwana alipomaliza la pili akaomba la tatu, akalala kwenye Hapana, akaamka akasema anamkumbuka sana shemeji yake. Nadhani nusu ya maamuzi mema ya Elerai yalitoka kwenye sufuria ile.

Lakini mganga hajigangi. Mwaka mmoja alikwenda mnadani kununua mbuzi wa Krismasi, akashinda huko kutwa, akarudi mikono mitupu, ametulia kama aliyetoka kwenye sakramenti. Alikuwa amefikia uamuzi kwamba mbuzi wote walikuwa na hoja nzuri kila mmoja kwa upande wake. Krismasi tukala kuku. Bati la nyumba alianza kulichagulia rangi wakati wa mvua za vuli, na masika yalipokuja yakalikuta bado lina kutu, ila yeye akiwa anajua mengi sana kuhusu rangi. Siku nyoka alipoingia bandani, Mkufunzi alimwita mkewe, akamwambia watulie, maana si kila nyoka ana sumu na ubongo wenye hofu huona vibaya. Alikuwa bado yuko kwenye neno sumu wakati Mama alipomkata nyoka vipande viwili kwa jembe. Akaenda kunawa, akaendelea kumenya ndizi.

"Haraka haraka haina baraka," Mkufunzi alimwambia, akimtazama yule nyoka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama akamjibu bila kugeuka. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao, na ilikuwa ndoa nzuri.

Cha ajabu ni kwamba wanafunzi wake wa zamani hawakumtambua katika habari hizi. Mmoja, mtu mzima sasa, alipita dukani kununua mbegu za majani ya ng'ombe, nikamsimulia habari ya bati. Akakataa katakata. Alisema Mkufunzi waliyemjua wao alikuwa anaingia kwenye misonobari ya Olmotonyi na panga, anachanja mti wa kukatwa, anaacha wa kubaki, anachanja, anaacha, bila kusimama, wanafunzi wanakimbia nyuma yake na kopo la rangi. "Tukimwuliza umejuaje, anasema mti wenyewe umemwambia," alisema yule bwana. "Na hakukosea, dada. Nenda kaitazame ile misitu." Nilimweleza Mkufunzi maneno hayo jioni. Akasema ule ulikuwa ujana, alikuwa anatumia kichwa cha haraka bila kujua hatari yake. Lakini niliona amefurahi.

Sasa habari ya mdogo wake.

Kwao ni Machame, na yeye ndiye kifungua mimba. Mama yao alipofariki, ukoo mzima ulikaa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwao, ukimsubiri yeye aseme. Jambo lenyewe lilikuwa jeneza: linunuliwe mjini, au litengenezwe pale pale kwa mbao za mringaringa mkubwa aliokuwa ameupanda baba yao mpakani mwa kihamba. Mkufunzi akasema suala hili linataka utulivu. Akaomba viti viwili. Shangazi zake, walionisimulia haya baadaye wakicheka mpaka machozi, walidhani anawakaribisha wageni. Akakaa Ndiyo, akahamia Hapana, akarudi Ndiyo. Siku ikaisha. Kesho yake akaanza upya, maana alisema jana alikuwa na njaa. Alikuwa amekaa kwenye Hapana, amefikia sababu ya msingi kabisa, aliposikia msumeno wa chenso ukinguruma kule mpakani. Mringaringa ukalala juu ya migomba na kishindo ambacho watu walikisikia mpaka barabarani.

Mdogo wake alikuwa amechoka kusubiri.

Jeneza lilikuwa zuri, wanasema. Mama yao alizikwa nalo na watu wakalisifu. Mkufunzi hakulisifu. Alisimama kaburini amekunja uso, na tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake hata salamu. Ukimuuliza kosa lilikuwa nini hakutaja mti wa baba, wala hakutaja kuvunjiwa heshima kama mkubwa, ingawa sisi sote tulijua ni hayo. Yeye alisema neno la kitaalamu. "Mbao zilikuwa mbichi. Mringaringa hukaushwa kivulini miezi. Mbao mbichi hupinda. Mama yangu amelala ndani ya mbao zilizopinda." Na sauti yake ilikuwa inabadilika hapo, hata mimi mwenye mdomo niliacha utani.

Kwa Wachaga, na kwetu Wameru pia, kuna jani la isale. Ni yale majani marefu ya kijani yanayopandwa mipakani, wala hayana sura ya maana yoyote. Lakini aliyekukosea akikuletea jani hilo limefungwa fundo, ukalishika mkononi, basi yamekwisha. Umesamehe. Hakuna cha kufikiri tena, hata kama angekuwa amekuchomea nyumba, na mwenye kulikataa huleta balaa nyumbani kwake. Mdogo wake, alipoona miaka inakwenda na pumzi zake zinapungua, akaanza kuja Arusha na jani lake.

Hapo ndipo ubongo uliofundishwa ulipofanya kazi kuliko siku zote. Mkufunzi hakukataa isale. Mtu wa umri wake asingethubutu. Alihakikisha tu kwamba halimfikii.

"Mimi sijakataa, Binti," alinieleza siku moja nilipomchokonoa. "Kukataa ni vibaya. Mimi sijapewa."

"Na ukipewa?"

"Nikipewa, nimefungwa. Lile jani linaamua kwa niaba yangu. Nitajuaje kama nimesamehe mimi, au limesamehe jani?"

Nikarudi dukani nimekasirika, maana swali lilikuwa zuri na mtu aliyeliuliza alikuwa anafanya upuuzi.

Kati ya mazoezi yake, moja nililolipenda lilikuwa la njia. Alisema ubongo unaopita njia moja kila siku hauoni tena, kwa hiyo kila siku alibadili. Leo anapitia kwa fundi seremala, kesho anazunguka nyuma kwenye kahawa za watu, siku nyingine anatokea mlango wa jikoni na matope hadi magotini. Nilimsifu kwa wateja. Nikawaambia vijana wa bodaboda, mtazameni mzee yule, nyinyi mna miaka ishirini na kitu mmeganda. Nilichelewa sana kugundua kwamba siku za njia ya matope ndizo siku ambazo mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kijivu alikuwa amekaa kwenye benchi langu la barazani, anatazama geti, jani limefichwa ndani ya koti. Mkufunzi alikuwa anamwona tokea kona. Ukimwuliza, mlima wetu ukiwa wazi au ukiwa na mawingu, yeye alisema anakwenda kuutazama kutoka upande mwingine.

Yule mzee nilimzoea. Alikuwa na uso ule ule wa kaka yake, ila wake ulikuwa umelainika. Hakulalamika. Alikuwa ananunua pakiti ya mbegu za mchicha ili asionekane amekaa bure, nadhani Machame nzima ilikuwa inakula mchicha wangu. Siku moja akaniomba niwe mshenga wake, nimpelekee kaka yake lile jani, kwa kuwa mila inaruhusu mtu wa kati. Nikalifunga kwenye kanga, nikaenda barazani.

Mkufunzi alikuwa anacheza drafti na nafsi yake kwa vizibo vya soda. Hakuinua hata macho.

"Binti, hicho ulichokificha, kiweke pale juu ya ukuta wa baraza kwanza. Kaa tuzungumze."

Nikakiweka. Tukazungumza habari za bei ya pumba mpaka kiza kikaanza kuingia, na mikono yake haikutoka kwenye vizibo. Jani likabaki ukutani. Likakaa hapo, kila mtu akilipitia mbali kama chungu cha moto, mpaka mbuzi wa jirani alipopita akalitafuna lote na fundo lake. Mama alitoka jikoni akamkuta anamalizia.

"Haya," akasema. "Mbuzi amesamehe. Amekushinda wewe."

Mkufunzi alicheka kwanza. Kisha akaingia ndani na hakutoka tena siku hiyo. Mimi nilimsikia Mama akimwambia dirishani, bila utani wowote, "Mkufunzi, yule akifa kabla hujamaliza kufikiri, utakwenda kukaa kwenye kiti gani?" Nilijua hofu yake ilikuwa hiyo hiyo, na nilijua pia kwamba hofu ilimfanya apime zaidi. Nilimhurumia. Nilitamani pia kumtikisa mpaka meno yagongane.

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha inayomfanya kila mtu avae koti mpaka kanisani. Mdogo wake alikuja asubuhi. Safari hii hakuweza kukaa kwenye benchi la nje. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha kwenye kiti changu cha kaunta, kiti kimoja nilicho nacho dukani, nikamwekea gunia la pumba chini ya miguu, maana miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havikufungwa. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Jani lilikuwa mkononi, hakulificha tena.

"Mwanangu, hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Kupanda basi siwezi tena."

Nikataka kwenda kumwita Mama. Sikuwahi. Kuku wa Mkufunzi walikuwa wameanza kukoroma na kusinzia, na Mama alikuwa amemfukuza mumewe akalete dawa upesi bila kumpa nafasi ya kukaa. Mzee akaja na njia yake ya siku hiyo, mlango wangu wa nyuma, kati ya magunia. Alikuwa hajanywa chai. Alikuwa na hasira na mkewe, na hasira na kuku. Kwa mkono wa kulia alikuwa amebeba kikapu chenye jogoo mgonjwa wa kunionyesha.

"Binti, huyu anakoroma tangu..."

Wakakutana macho kwa macho, hatua moja kati yao.

Mdogo wake aliinuka. Sijui aliinukaje. Akanyoosha mkono wenye jani. Na mkono wa kushoto wa Mkufunzi ukaenda mbele ukalipokea.

Hakuna aliyeutuma. Mkono ule ulikuwa umefundishwa miaka na miaka kupokea kila kitu: mswaki, kijiko, chenji, kikombe. Ulinyooshewa kitu, ukafanya kazi yake. Mkufunzi aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Jogoo akakoroma kikapuni. Mimi nilikuwa nimeshika kaunta kwa mikono miwili.

"Hii haihesabiki," Mkufunzi akasema mwishowe, polepole. "Ni mkono wa kushoto."

Na kwa mila alikuwa na hoja, hapo siwezi kumsingizia. Mkubwa hapokei kitu cha heshima kwa kushoto. Nilimwona anaitafuta ile hoja, anaishika, anajiandaa kuipanda. Nilitaka kumrukia.

"Kaka," mdogo wake akasema, akihema, "hata ungepokea kwa meno."

Kisha akaongeza, "Mbao zilikuwa mbichi. Ulisema kweli. Fundi naye aliniambia zingoje, nikakataa. Nilikuwa nakuona pale kwenye vile viti, na mama yetu yuko mochwari, nikaona nikikusubiri nitakuchukia. Nikakata."

Mkufunzi alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Miaka yote alikuwa amemtetea na kumshtaki mdogo wake barazani, viti vyote viwili, kwa sauti zote mbili, na kumbe mshtakiwa mwenyewe alikuwa hajaulizwa. Alikiweka chini kikapu. Akalichukua lile jani kutoka mkono wa kushoto, akalitia wa kulia, akafunga vidole.

"Kaa," akamwambia. "Kaa chini, umechoka."

"Kaa wewe, kaka. Kiti ni kimoja."

"Nimesema kaa."

Mdogo wake akakaa. Mkufunzi akabaki wima mbele yake, ana njaa, ana hasira, amesimama, jani limepondeka kwenye ngumi yake ya kulia, na machozi yanamdondoka kwenye sweta pale pale linapodondokaga povu la mswaki. Mimi nililia pia. Nilisema ni vumbi la pumba, na hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

Waliondoka wameshikana, mkubwa amemshika mdogo kwapani, wanakwenda njia ya mbele, ile fupi, ya getini. Jogoo walimsahau. Nilimpa dawa mwenyewe, na jioni, nilipofunga duka, nikamrudisha pamoja na chupa ya chanjo ya wenzake.

Walikuwa barazani wanatazamana, kigoda katikati, wanabishana habari ya mgomba fulani wa utotoni ulikuwa upande gani wa nyumba. Mkufunzi alikuwa kwenye Ndiyo. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye Hapana, miguu juu ya mto, na hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya viti. Mama akatoka jikoni na vikombe viwili. Hakumwuliza mtu yeyote chochote.